Bucha ya Owino na Nyama Isiyo na Uso

Kiti changu cha kusukia nywele kiko barazani, na baraza langu linatazamana na bucha ya Owino. Kati yetu kuna barabara nyembamba tu, yenye vumbi jeupe linaloruka kila lori la jeshi linapopita kwenda kambini. Mtu akinunua nyama, namwona. Akirudi kulalamika kwamba amepewa mfupa mtupu, namwona pia. Hapa Lanet wako wanaosema Mama Lynn anapenda kuchungulia. Sichungulii. Mikono yangu ikiwa kichwani mwa mtu, macho hubaki bila kazi, na macho yasiyo na kazi hutazama mbele.

Kwa hivyo ninayoyasema kuhusu Owino sikuyaokota kisimani.

Owino alizaliwa Nakuru mjini, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa fundi wa breki za mabehewa. Babu yake ndiye aliyetoka Nyanza. Mtu akimwuliza kwao ni wapi, yeye hujibu, "Pale nyuma ya stesheni, mlango wa kijani," kisha hucheka kabla ya aliyeuliza kujua kama amejibiwa. Alimaliza darasa la nane akaenda kichinjioni kuosha matumbo. Akapanda hadi kuchuna ngozi, na huko kisu kikamlamba ncha ya kidole cha shahada. Alipofungua bucha hapa, Lanet yetu ilikuwa mashamba ya mahindi na nyumba za kuhesabu. Sisi tuliojenga baadaye tulimkuta. Baadhi yetu tulisahau hilo haraka.

Kazi yake alikuwa akiifanya kwa heshima. Koti lake jeupe mkewe, Truphosa, alilifua kila siku. Mbuzi alimtundika na mkia wake, manyoya na yote, ili mteja ajue anachokula. "Huyu alikuwa mpole, mathe," alikuwa akiniambia huku akinikatia. "Alikuwa mbuzi wa kanisa. Alikuwa anakataa majani Jumapili." Ukikasirika kuhusu mfupa, alikuongezea kipande cha ini, mkaachana mkicheka.

Lakini kitu kilichompa jina kilikuwa mashine ya kusaga nyama. Aliinunua kwa hoteli moja iliyofungwa, ikawa ndiyo ya pekee upande wetu. Aliiweka chumba cha nyuma na mlango wake akaufunga kwa sababu ya nzi. Watu wakawa wanaleta nyama zao wenyewe: mama aliyetumiwa paja la kondoo kutoka Rongai, familia iliyochinja mbuzi wa arusi, mzee asiye na meno. Owino hakumwuliza mtu ameleta nini. Uliingia, ukamimina mwenyewe, naye akageuka kutazama ukutani mpaka umalize. Alisema nyama ya mtu ni siri ya nyumba yake. Anayekula matumbo hapendi ajulikane kwamba anakula matumbo. Kumfunulia mtu mfuko, alisema, ni kama kumwuliza mama mwenye mtoto mgongoni, baba ya huyu ni nani.

Tuliipenda tabia hiyo. Hata mimi niliipenda.

Mambo yalianza kuharibika punda wa Kiptum walipopotea. Kiptum ni mzee anayetuuzia maji kwa mkokoteni, na punda wake wawili walijua milango yetu kuliko yeye. Asubuhi moja alikuta kamba zimekatwa. Siku chache baadaye vijana waliokwenda kutupa taka walikuta vichwa viwili na kwato ndani ya gunia. Kiptum alikaa chini pale pale, kofia mkononi.

Vichwa na kwato vilipatikana. Nyama je?

Hilo ndilo swali lililoingia jikoni kwetu. Kila mwanamke alianza kuangalia sufuria yake. Niliambiwa nyama ya punda hutoa povu jingi. Nikachemsha ya Owino, povu likapanda hadi likazima jiko. Niliambiwa huwa nyeusi. Nikaishika dirishani kwenye mwanga, nikaiona nyeusi. Niliambiwa ina utamu utamu. Wadogo wake Lynn waliposema, "Mama, leo nyama ni tamu," niliwanyang'anya sahani.

Wataniambia nilikuwa na woga tu. Mama hangoji ushahidi ndipo aogope. Watoto wakishakula, huwezi kuwaambia wateme.

Nikaanza kuitazama bucha kwa jicho jingine, na ndipo nikaliona gari. Lilikuwa pikapu ya kijani, ya zamani, na ilikuja kila Alhamisi baada ya saa sita mchana. Alishuka mwanamume mwembamba mwenye buti za mpira, akatoa ndoo mbili zenye vifuniko, akaingia nazo kwa mlango wa nyuma. Mashine ililia. Baadaye alitoka na ndoo zake, akaondoka bila kuongea na mtu. Nakumbuka hata jinsi alivyotembea: aliingia mabega yameshuka kwa uzito, na akatoka mabega yameshuka vilevile. Niliona, lakini sikufikiri. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaamua: yule anamletea Owino punda, na Owino anamsaga ili asitambulike. Nyama nzima ina uso. Ina mfupa, ina mafuta, ina mkia. Ya kusaga haina uso.

Nilimweleza Gedion, mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi. Gedion ni mwanajeshi mstaafu, nasi humwita Afande. Alinisikiliza akiwa amefunga mikono kifuani.

"Mama Lynn, una hakika?"

"Afande, ningekuwa na hakika ningekuja kwako? Ningeenda kwake."

"Basi tunahitaji kitu cha kushika. Maneno ya povu hayafiki mbali."

Binti yangu Lynn alikuwa mjini akifanya mafunzo ya kazi kwenye maabara ya watu binafsi inayopima mbegu, maziwa na nyama. Alipokuja nyumbani Jumapili nilimkalisha chini nikamwuliza kama kweli wanaweza kujua nyama iliyosagwa ilikuwa mnyama gani.

"Tunaweza, Mama. Tunaangalia DNA."

"Hiyo ya baba na mtoto?"

"Hiyo hiyo. Kila mnyama anayo. Kila punje ya nyama imejaa DNA, hata ukiisaga."

"Sasa inakaaje? Mimi niambie kama mtu wa kawaida, usiniletee ya chuo."

Lynn alitazama kichwa cha jirani niliyekuwa namsuka. Nilikuwa nafanya ule msuko wa nyuzi mbili zinazozungukana, tunaouita twisti. Akaushika mmoja katikati ya vidole.

"Inakaa hivi," alisema. "Nyuzi mbili, zimezungushana. Ila huu wako unaweza kuunganisha uzi wowote na wowote. DNA ina herufi nne tu, na kila moja ina mwenzake. A inashikana na T, C na G. Haziwezi kubadilishana. Ukiufungua msuko, ukabaki na uzi mmoja, bado unajua ule mwingine ulikuwa vipi."

"Kwa hivyo ukipoteza mmoja unaweza kuutengeneza."

"Ndivyo mwili unavyofanya kila siku. Msuko unafunguka, kila uzi unajitengenezea mwenzake mpya, unapata misuko miwili inayofanana. Kidonda kinapopona, ni hiyo kazi."

Jirani akasema, "Lynn, nimalizieni kichwa kwanza. Huyo punda atangoja."

Tulichanga, wenyeji wa mtaa, ili kipimo kifanywe. Kwenye mkutano wengine walitaka tupeleke kipande cha paja. Mimi nilikataa. Nilisema mwizi haweki mali dirishani, tupeleke ya kusaga, na tuinunue Alhamisi, mara tu pikapu ya kijani inapoondoka. Kila mtu aliona ni akili. Wakanichagua mimi niende, kwa vile Owino alinizoea.

Alhamisi ile pikapu ilikuja, mashine ikalia, pikapu ikaondoka. Nikaweka kitana chini nikavuka barabara.

"Mama Lynn! Leo umekumbuka maskini," Owino alisema. "Nilidhani umekuwa wa mboga."

"Nipe ya kusaga."

"Ya kusaga? Wewe? Si umeniambia ya kusaga ni ya wavivu wa kutafuna?"

"Watoto wameomba."

Alikata kipande kwenye paja la ng'ombe lililotundikwa mbele, akaenda nacho nyuma, mashine ikalia kidogo, akarudi na nyama kwenye karatasi. Nilimtazama usoni. Hakuonekana mtu anayeficha kitu, na hilo nalo likanitia shaka.

Kuhusu maabara, wala sikuiamini. Nilikuwa nimesikia habari za watu waliobadilishiwa majibu ya baba na mtoto kwa sababu mmoja alijuana na mpimaji. Nyama ile niliibeba mwenyewe kwenye kibebeo cha chakula cha watoto, pamoja na barafu, na nikakaa kwenye benchi la mapokezi nikiwa nimekipakata. Alipotoka msimamizi, mama wa makamo aliyeitwa Jepkemboi, akanyoosha mkono, sikuachia.

"Mama, lazima uniachie ndipo nipime."

"Nitaona unapoipeleka?"

Lynn alikuwa nyuma yake, uso umeiva kwa aibu. Jepkemboi alicheka. Akasema ndani siingii, lakini kuna kioo, nisimame pale.

Nilisimama. Niliwaona wakivaa glavu mpya. Wakachukua nyama kama punje ya mahindi, wakaisaga na maji yenye sabuni ya aina yake. Jepkemboi alitoka akanieleza kwamba sabuni hiyo hupasua vyumba vidogo vidogo vya nyama ili kilichomo kitoke. Baada ya muda alileta kichupa hadi kwenye kioo. Walikuwa wameongeza spiriti baridi, na juu kulikuwa kumejikusanya kitu cheupe, laini, kama uzi wa pamba uliolowa.

"Ndiyo hiyo," alisema kwa sauti ya kupitia kioo. "DNA."

Nilidhani ingeng'aa. Ilionekana kama kamasi.

Kisha wakachukua kidogo sana wakakiweka kwenye mashine ndogo, isiyozidi mkate kwa ukubwa. Jepkemboi alisema mashine ile hupasha joto mpaka nyuzi zile mbili ziachane, halafu hupooza. Ndani yake wametia vipande vifupi vinavyojua kushika pale tu penye maneno ya punda, na vingine vya ng'ombe, vya mbuzi, vya farasi. Kikishika, kile kipande cha uzi kinatengenezewa mwenzake. Joto tena, zinaachana tena. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, mpaka vinakuwa vingi vya kutosha kuonekana.

"Na ikiwa punda ni kidogo sana?" niliuliza.

"Hata chembe tunaiona."

"Hata chembe?"

"Hiyo ndiyo nguvu yake, mama. Na ndiyo shida yake."

Sikumwuliza shida gani. Nilikuwa nimesikia nilichotaka.

Jibu lilifika kwa Afande. Ng'ombe alikuwamo, na punda alikuwamo. Chini yake waliandika kwamba punda ni kwa kiasi kidogo, na kwamba kipimo hakisemi alifikaje humo. Afande aliyasoma yote mbele ya bucha Jumamosi asubuhi, lakini baada ya neno punda hakuna aliyesikia mengine.

Vijana wakaanza kulia kama punda. Mmoja akapaza sauti, "Boss, nipimie nusu kilo ya mkokoteni!"

"Na kwato usisahau!"

Mwanamke mmoja alitapika kando ya mtaro. Mwingine akalia kwamba alikuwa amewalisha wageni wa posa. Owino alisimama mlangoni na koti lake jeupe, kisu bado mkononi, na Truphosa akakichukua kile kisu taratibu kutoka kwenye vidole vyake akakiweka ndani. Alijua watu wakiona kisu itakuwaje.

"Hiyo nyama nakula na watoto wangu," Truphosa alisema. "Kila siku! Fancy, simama hapa wakuone. Huyu amekula nini kama si hiyo?"

Fancy ni binti yao wa mwisho, na kila shule ikifungwa mimi ndiye niliyemsuka. Alisimama mbele ya watu akitazama viatu vyake.

"Rudi kwenu!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Nirudi wapi?" Owino aliuliza. "Stesheni?"

Hakuna aliyecheka. Jiwe moja likapiga mabati. Afande akanyanyua mkono, akasema kwa sauti ya kambini kwamba atakayerusha la pili atalala ndani yeye. Akamwambia Owino afunge hadi afisa wa afya aje, na kwamba akipatikana na makosa, mtaa utaomba leseni yake ifutwe. Owino akashusha mlango wa chuma. Kabla haujafika chini alinitazama ng'ambo ya barabara.

"Mama Lynn," alisema. "Watoto walifurahia ya kusaga?"

 

Siku zilizofuata nilisuka nikiutazama mlango uliofungwa. Ningesema nilikuwa na amani, lakini sikuwa nayo. Kipande alichonikatia nilikiona kikitoka kwenye paja la ng'ombe lililotundikwa hadharani, na lilikuwa na muhuri wa ukaguzi. Punda aliingilia wapi? Na kama ni kidogo hivyo, mwizi gani huiba punda wawili ili atie chembe?

Alhamisi ikafika, na pikapu ya kijani ikaja.

Mwanamume mwembamba aliteremka na ndoo zake, akagonga mlango wa nyuma, akangoja, akagonga tena. Akavuka barabara akaja kwangu.

"Sasa, mathe. Mwenye mashine ameenda wapi?"

"Kwani unamletea nini?"

"Simletei kitu. Ananisagia tu. Mbwa wangu hawajala vizuri tangu jana."

Mkono wangu ulisimama katikati ya msuko. Nikatazama ndoo zake. Zilimvuta mabega chini, na nikakumbuka jinsi alivyokuwa akitoka, mabega yakiwa chini vilevile. Mtu aliyepeleka mzigo hutoka mwepesi. Huyu alikuwa akiingia na chake na kutoka na chake.

"Mbwa gani?" nilimwuliza.

"Wa ulinzi. Nakodisha kwa wenye nyumba Milimani. Wadogo hawawezi mifupa, lazima wasagiwe."

"Funua nione."

"Ni ya mbwa, mathe, utaipendea nini?"

"Funua."

Alifunua, labda kwa sababu ya jinsi nilivyosema. Nyama ilikuwa nyeusi kuelekea zambarau, na mafuta yake manjano. Mwanamke niliyekuwa namsuka alisimama na nusu ya kichwa, akaenda mbio kumwita Afande.

Jina lake lilikuwa Kiplangat. Hakukimbia. Mbele ya Afande alisema hununua nyama hiyo kwa mtu wa upande wa Rongai, anayemwambia ni ya ng'ombe waliokufa wenyewe.

"Na wewe ulisadiki?" Afande aliuliza.

"Mbwa hawaulizi, Afande."

"Mbwa hawaulizi. Sisi tumekula mabaki ya mbwa na unaniambia hawaulizi!"

Kiptum aliletwa akatazama ndani ya ndoo, kisha akageuza uso. Huwezi kumtambua punda wako kwenye ndoo. Kesi yake iko kwa polisi mpaka leo, na huyo mtu wa Rongai sijui kama amewahi kuulizwa lolote. Mimi nina mawazo yangu juu ya hilo, lakini nitayaweka.

Jioni nilimpigia Lynn nikamweleza. 

"Mama, unaposuka mtu mwenye chawa, unafanyaje na kitana?"

"Nakichemsha. Yai moja likibaki, kichwa kinachofuata kinachukua."

"Basi ile mashine ya Owino ni kitana. Na sisi maabara tunaliona hilo yai moja, lakini hatujui limetoka kwa kichwa gani. Jepkemboi aliandika hivyo kwenye ripoti. Hamkusoma?"

"Ilisomwa," nilisema. "Kulikuwa na kelele."

Safari hii Jepkemboi alikuja mwenyewe. Afande aliwaita watu wote waliokuwepo siku ya jiwe. Owino akafungua mlango, akafungua na friji, ambamo lile paja lilikuwa limekaa tangu siku ya kufunga. Jepkemboi akavaa glavu mbele yetu, akakata kwa kisu kipya nyama ya ndani kabisa, karibu na mfupa, pasipoguswa na kitu. Halafu wakaifungua mashine. Owino alikuwa akiimwagia maji moto kila jioni, lakini ile skrubu ya ndani inayosukuma nyama ilikuwa haijatolewa kwa muda mrefu, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na nyama iliyoganda. Akaifuta kwa kijiti chenye pamba, akaweka kwenye kichupa.

Majibu yalikuwa mafupi. Paja lilikuwa ng'ombe peke yake. Skrubu ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na punda. Afande aliposoma nguruwe, familia moja iliyokula kiapo kanisani kwamba haigusi nguruwe ilitazamana na viatu vyake. Safari hii alisoma hadi mwisho, polepole, na watu wakanyamaza hadi mwisho. Afisa wa afya alimpa Owino onyo kali kuhusu mashine, leseni ikabaki.

Mimi bado nilikuwa na swali moja, na nililivusha barabara mwenyewe.

"Owino, wewe umechuna ng'ombe tangu ujana. Hukuijua rangi ya ile nyama?"

Alikuwa akiosha meza. Hakuacha.

"Huja imefunikwa. Humimina mwenyewe. Mimi hugeuka."

"Harufu je?"

"Mathe, wewe unajua natazama wapi mtu akimimina. Ukutani. Wewe mwenyewe ulileta matumbo siku ile mmeishiwa, ukaniambia ni nyama laini. Niligeuka au sikugeuka?"

"Uligeuka."

"Basi."

Nilimwamini. Sehemu kubwa nilimwamini. Iko sehemu ndogo inayoniambia kwamba mtu anaweza kugeuka kwa adabu na anaweza kugeuka ili asijue, na kwa nyuma watu hao wawili wanafanana.

Mashine aliiuza. Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu kwamba nyama kutoka nje haisagwi, na Krismasi watu wakanung'unika, hata wale waliolia kama punda. Siku hizi hutundika ng'ombe naye akiwa na mkia. Wateja wamerudi, si wote. Anapokata hasemi tena mbuzi alikuwa wa kanisa. Anauliza kiasi, anapima, anafunga.

Truphosa aliacha kunisalimia. Akipita hutazama barabara kana kwamba baraza langu limebomolewa. Shule zilifungwa mwezi wa nne, na Fancy hakuja. Nilimwona amesukwa na mtu mwingine, vibaya, mistari imepinda.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, nikiwa nafagia, Fancy alivuka barabara. Alisimama mbele yangu na mfuko wa plastiki mkononi.

"Mama amesema unisuke twisti."

"Kaa."

Alikaa chini katikati ya magoti yangu kama zamani. Nikanyoosha mkono kuchukua kitana changu. Fancy akanipa ule mfuko bila kugeuka. Ndani mlikuwa na kitana kipya, kibandiko cha duka bado kiko juu yake.

"Mama amesema utumie chetu," alisema.

Nilitazama ng'ambo. Truphosa alikuwa amesimama mlangoni mwa bucha, mikono imefungwa kifuani, akitazama mikono yangu.

Nikabandua kile kibandiko. Nikainua kitana juu kidogo, aone vizuri ni kipi, ndipo nikaanza kugawa nywele.